Kikohozi cha Jumatano

"Na huyu anayeongoza ni nani?"

Swali hilo liko mwisho wa mkanda, sauti ya mwimbaji ikiwa bado inaning'inia darini. Anayeuliza ni mzungu mmoja mpole, mtu wa chuo cha huko kaskazini, aliyezunguka Mississippi na mashine ya kunasa sauti ndani ya buti la gari, akafika kanisa la Mlima Pisga, mjini Tilden, Jumatano jioni ya mwezi Juni, 1963. Baada ya swali, kimya. Kisha mtu anakohoa. Kisha sakafu ya mbao inalia, ko. Kisha basi. Sekunde tisa. Tavia Meeks alizisikiliza mpaka akazikariri, ingawa hazina hata neno moja la kukariri.

Kijiwe kiko mbele ya gereji ya matairi ya Nusu Painti, mtu mwenye mwili wa kujaza mlango aliyepewa jina hilo na wacheshi wa mjini. Benchi la hapo ni benchi la kanisa. Pisga waliponunua viti vya sponji, mabenchi ya mbao yalitolewa nje yakawa yanaloa mvua, na Nusu Painti akaburura moja mpaka barazani kwake. Ubavuni bado lina namba nne iliyochomwa kwa chuma cha moto. Kila asubuhi mtungi wa kahawa wa umeme unawekwa dirishani, vikombe vya karatasi vinapangwa juu ya betri kuukuu, na watu wanakaa kuendesha nchi. Ncha ya kushoto ni ya Almanaka, mtu wa posta aliyestaafu, anayejua tarehe ya kila jambo na kukosea nusu yake. Ncha ya kulia ni ya Mzee Breki, yaani Bwana Hosea Gatlin, miaka themanini na mmoja, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini kwa mwendo wa konokono, na ambaye mdomo wake nao una breki. Kazi yake hapo ni kumenya karanga za kuchemsha na kusikiliza. Wanawake hupita wakasalimu, hawakai. Ijumaa hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, Tavia alikaa katikati.

Mkononi alikuwa na karatasi moja, kalamu moja, na simu yenye chaji nusu. Karatasi ilitoka kwenye jumba la kuhifadhia sauti kule mji mkuu wa nchi. Juni ndio mwezi ambao taifa zima husherehekea muziki wa watu weusi, na mwaka huu jumba lile lilikuwa linafungua maonyesho makubwa. Atakayeingia mlangoni, kitu cha kwanza kusikia ni mkanda wa Tilden. Chini yake pameandikwa: Kiongozi, hajulikani. Tavia alikuwa ameandika barua tatu, ya tatu yenye hoja kumi na nne. Jibu likawa fupi. Jina litaandikwa, walisema, iwapo mtu aliyekuwemo kanisani siku ile atatia sahihi, na karatasi kuwafikia, hata kwa picha ya simu, Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Baadaye kibao kinachongwa.

Sasa, aliyelelewa kanisa la zamani anajua jinsi wimbo ulivyopandishwa. Hakuna kinanda, hakuna kitabu. Mmoja anautupa mstari mbiombio kama mnadi wa ng'ombe. Kanisa linaudaka, linauvuta polepole, kila mtu kwa njia yake, mpaka neno moja linamaliza muda wa kuosha sahani. Kisha yule mmoja anautupa mwingine. Na huyo mmoja ni shemasi, na shemasi ni mwanamume, na sauti ya mkandani ni nzito. Ndiyo maana kwa miaka na miaka Tilden nzima ilisema ni shemasi Ozell Gatlin, baba yake Breki. Picha yake inaning'inia ukumbini mwa kanisa, kwenye fremu ya dhahabu.

Tavia alisema ni bibi yake.

Alisema hivyo wazi, katikati ya benchi, na Nusu Painti aliyekuwa amepiga magoti akizungusha spana alisimama kabisa.

— Mama Arzula? Yule aliyekuwa anapika kwa jaji?

— Huyohuyo.

— Binti, mimi nimekula biskuti za Mama Arzula tangu sijaota meno. Kuimba, sikumbuki hata siku moja kanisani akifungua mdomo zaidi ya kusema amina.

— Sijakuuliza unakumbuka nini. Wewe mwaka huo ulikuwa hujazaliwa.

Almanaka akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye goti. Hakucheka muda mrefu, kwa sababu Tavia alimgeukia yeye. Alieleza bila kupumzika, kama alivyozoea kwenye midahalo ya chuo, kidole kimoja baada ya kingine. Alikuwa na miaka sita bibi alipofariki. Alikumbuka bibi akiosha mboga za majani kwenye sinki, akiguna. Bibi hakupumua mwisho wa neno kama watu. Alipumua katikati yake, kama mtu anayeruka mfereji na ndoo kichwani, kisha akaendelea upande wa pili bila kumwaga tone. Vuli iliyopita kampuni moja ya magari ilichukua sekunde sita za mkanda ule, ikaziweka chini ya picha ya gari jekundu linalopanda mlima, na tangazo likarushwa kila mchezo wa mpira. Tavia alikuwa kwenye bwalo la chuo na sinia mikononi. Alisikia ile pumzi. Supu ilipoa akiwa bado amesimama.

— Nchi nzima inaguna hiyo sauti, alisema. Karani wa benki anaiguna. Watoto wanairukia kamba. Nchi nzima inakula, inalamba vidole, na mpishi hajulikani.

— Anajulikana, alisema Almanaka. Yuko ukutani, kwenye fremu.

Akatazama kulia kwa heshima. Mzee Breki alimenya karanga, akatupa ganda kwenye kopo.

Tavia akaweka simu juu ya paja, akabonyeza. Sauti ikatoka, nzito, ya haraka, ikifuatwa na wimbi la watu arobaini. Hata gari la takataka lililokuwa linapita lilionekana kupunguza mwendo. Kisha swali la mzungu. Kimya. Kikohozi. Ko.

Mzee Breki akarudisha mguu wake wa kushoto chini ya benchi, akachukua karanga nyingine.

Hapo ndipo kijiwe kilipowaka. Almanaka alianza kwa tarehe: Alhamisi, ishirini na saba Juni, mvua ilikuwa imenyesha. Tavia akamwambia ishirini na saba ndiyo Alhamisi kweli, lakini mkanda umeandikwa Jumatano, ishirini na sita. Almanaka akasema siku moja si hoja. Shemasi Gatlin alikuwepo, alisema, kwa kuwa kila mtu anajua alifungwa Agosti ya mwaka ule, siku kumi na moja, kwa kosa la kwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Juni alikuwa huru na koo lake zima. Zaidi ya hayo, koo lile ndilo lililozaa muziki wote wa nchi hii.

— Chukua wimbo wowote wa redio, alisema. Hata wa wale wazungu wa kofia pana na magitaa. Ukwangue rangi kidogo. Ndani utamkuta shemasi.

— Hata wimbo wa taifa, aliongeza Nusu Painti. Siku hizi pale uwanjani wanauvuta neno moja mpaka wachezaji wanapata njaa. Nani aliwafundisha kuvuta? Pisga.

— Na wanasiasa. Mtu akitaka kura, mwisho wa hotuba anaanza kupandisha. Anautupa mstari, anangoja jibu. Huko ni kwetu.

— Na king'ora cha zimamoto, alisema Nusu Painti.

— Hapo umezidi.

— Sijazidi. Kisikilize vizuri. Kinapanda, kinakatika katikati, kinaendelea. Wahenga walisema, kelele za mlango hazimkeri mwenye nyumba. Kwa hiyo ile ko mnayoisikia mkandani ni mlango, na mwenye nyumba alikuwa ndani, na mwenye nyumba ya Mungu ni shemasi.

 Kilichomuudhi Tavia si ujinga wa hoja. Ujinga aliuzoea, alikwisha kushindana na vijana wa vyuo vikubwa. Kilimuudhi kuona wanavyofurahi. Kwao ilikuwa asubuhi nzuri ya Ijumaa. Kwake ilikuwa mara ya mwisho jina la bibi yake kuwa karibu na kibao. Alikuwa amekwisha kuwatafuta watu wote waliokuwa kwenye orodha ya kanisa ya mwaka ule. Mmoja alikuwa kwenye nyumba ya wazee, akamwita Tavia kwa jina la dada yake marehemu. Mwingine alizikwa Detroit, Pasaka. Mzee Breki peke yake ndiye angefaa kwa umri, na ndiye aliyemleta Tavia kwenye benchi hili, lakini yeye tangu zamani alisema kwamba kiangazi kile chote alikuwa kwa mjomba wake Chicago.

— Sauti hiyo ni ya mwanamke, alisema. Sikilizeni inapotoka. Shemasi husimama mbele. Hii inatoka pembeni, upande wa kina mama.

— Mashine ndiyo iliwekwa pembeni, alisema Almanaka.

— Basi mbona mzungu anasikika yuko karibu?

— Alikuwa na mdomo mkubwa.

Nusu Painti akapata wazo jipya. Walikuwa watu wawili, alisema, shemasi na mwingine ndani ya koti moja, ndiyo maana pumzi inaingia katikati ya neno: mmoja anavuta hewa, mwenzake anaimba. Kikulacho ki nguoni mwako. Almanaka akasema hapana, akakumbuka kwamba baba wa shemasi, aliyezikwa 1941, alikuwa na sauti kama hiyo, na kwamba mbao za sakafu ya Pisga zilitoka kwenye mti uleule uliotengeneza jeneza lake. Mbao zinakumbuka. Nusu Painti akaipima hoja hiyo, akasema inawezekana. Tavia akafunika uso kwa karatasi.

Wakati huo lori refu lilikuwa limeingia uani likichechemea, na dereva wake, mwanamke wa makamo mwenye shati la kazini na taulo shingoni, akawa ameketi juu ya tairi chakavu kungoja pancha izibwe. Tairi lile lilikuwa chini sana. Magoti yake yalimfika kidevuni. Alipewa kahawa. Alisikiliza hadithi ya koti moja mpaka mwisho bila kutikisa uso.

— Samahani, dada, alimwambia Tavia. Hiyo saa sita wanayoitaka ni ya huku au ya huko?

Tavia akamtazama.

— Nauliza kwa sababu mimi naendesha huko na huku. Mji mkuu wametutangulia saa moja. Saa sita yao ni saa tano yako.

Simu ilionyesha saa nne na dakika kumi na tisa.

  Tavia aliandika hoja kumi na nne, saa hakuihesabu. Aliinuka, akakaa tena, kwenda wapi? Nusu Painti, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, akaanza kusema labda waandike tu jina la shemasi, angalau Tilden ipate jina kwenye kibao, Mzee Breki atie sahihi kama mwana, na mambo yaishe. Bora nusu shari kuliko shari kamili, aliongeza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile methali yake ilikuwa karibu na mahali pake, jambo lililomkasirisha Tavia zaidi.

— Jina lisilo lake ni baya kuliko kutokuwa na jina, alisema. Hajulikani unaweza kumtafuta. Akishaandikwa mwingine, nani atamtafuta?

— Angalia adabu, binti, alisema Almanaka. Mwana wa mtu amekaa hapa.

— Namwona.

 Dereva akaomba, kama haitawaudhi, wauweke tena huo mkanda. Kule barabarani anausikia kwenye tangazo, hajawahi kuusikia mzima. Tavia hakuwa na sababu ya kukataa. Akabonyeza. Sauti ikapanda, ikakatika katikati ya neno, ikaruka mfereji. Kanisa likajibu. Dereva alifumba macho, akayafumbua. Kisha swali: na huyu anayeongoza ni nani? Kimya. Kikohozi. Ko.

Mzee Breki akarudisha mguu.

— Rudia mwisho, alisema dereva.

Tavia akarudia. Kikohozi. Ko. Mguu ukarudi.

— Mzee wangu, alisema dereva, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Mbona kila ikifika hapo unavuta mguu?

Almanaka akajibu haraka kwamba mzee ana gauti. Nusu Painti akasema ni mbu. Almanaka akamkumbusha kwamba gauti iko mguu wa kulia, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema gauti.  Walikaa na mtu huyu miaka ishirini na mitatu, wakijua anavyokunywa kahawa na anavyokunja gazeti, na mguu huo hawakuwahi kuutazama.

— Nimemuuliza yeye, alisema dereva.

Mzee Breki aliweka mfuko wa karanga chini. Alijifuta vidole kimoja kimoja kwa leso. Tavia aliona mikono ile ikimaliza kazi yake na kubaki bila la kufanya, kisha mzee akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

— Chicago nilikwenda Septemba, alisema.



— Na baba hakufungwa Agosti, Almanaka. Alifungwa Juni. Alhamisi walimchukua pale mahakamani. Jumatano iliyofuata alikuwa bado ndani, na ibada ya maombi ikafika, na hakuna wa kupandisha wimbo.

Mengine aliyasema polepole. Mzungu alifika na mashine yake akaikuta Pisga bila shemasi. Wanaume walitazamana, kila mmoja alikuwa na mke aliyemwambia asionekane mbele.  Kisha kutoka upande wa kina mama, bila kusimama, bila kuomba ruhusa, Arzula Meeks akautupa mstari wa kwanza. Kanisa likachelewa kuudaka, kwa mshangao, kisha likaudaka. Wengine walilia. Breki alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuwahi kusikia kitu kama kile, wala hajasikia tena.

— Mzungu akauliza. Nami nilikuwa na kiburi kama wewe, nikafungua mdomo nimtaje. Mama yangu akanikanyaga. Kisigino cha kiatu cha kanisani, juu ya mguu huu. Nikakohoa ili mdomo upate kazi nyingine, akanikanyaga tena, na hiyo ya pili ikanikosa ikapiga sakafu.

— Kwa nini? aliuliza Tavia, ingawa alikwisha kujua.

— Alikuwa anapika kwa jaji, mwanangu. Jaji yuleyule aliyemfunga baba. Gari la mzungu lilikuwa na namba za mbali, na macho ya mji yalikuwa juu yake. Jina likitoka mle kanisani, kesho yake jikoni hakuna, na pengine nyumba hakuna, na pengine Arzula hayupo. Watu arobaini walikuwemo. Wote walijua. Hata mmoja hakusema.

Nusu Painti akakaa chini, sakafuni, spana mapajani. Tavia alikuwa amekuja na hasira iliyopangwa vizuri, ya kuwaambia wanaume wa Pisga kwamba walimwibia mwanamke. Sasa hasira ile haikujua ikae wapi. Lakini haikuondoka.

— Jaji alikufa 1974, alisema. Nimeona kaburi. Baada ya hapo, mliogopa nini?

Mzee alitazama barabara.

— Baba alitoka jela wakiwa wamempiga hapa. Mzee akagusa koo lake mwenyewe. Baba hakupandisha wimbo tena. Alijaribu, ikatoka hewa tu. Miaka ikapita, watu wakasikia kuna mkanda, wakaanza kusema ni wa shemasi, kwa vile nani mwingine. Nilimwendea Arzula jikoni kwake. Nikamwambia nitasema ukweli. Alikuwa anakanda unga. Akaniambia, "Hosea, mwache nayo. Amerudi nyumbani hana kitu, mwache awe na hiyo." Akaniapisha. Ndiyo maana nikasema nilikuwa Chicago, asiniulize mtu.

Almanaka alivua kofia. Pengine ni kwa ajili ya shemasi, pengine kwa ajili ya Mama Arzula; hata yeye mwenyewe huenda hakujua. Nusu Painti, kwa kukosa la kufanya, akaenda kwenye mtungi wa kahawa, akauinamisha, akautikisa. Haikutoka hata tone.

Saa nne na dakika arobaini na moja.

Tavia aliwaza bibi kwenye sinki, akiguna na mgongo wake kwa mlango. Aliyajua sasa mambo mawili kwa pamoja, na hayakupatana. Bibi hakuibiwa; alitoa kwa mkono wake. Na ile picha ya fremu ya dhahabu ilikuwa deni la heshima kwa mtu aliyevunjwa koo kwa ajili ya kura. Kwenye mdahalo, hapa ndipo mtu mwerevu angekubali nusu na kukaa. Hakukaa.

— Bwana Gatlin, alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kijiweni hapo mtu kumwita mzee kwa jina lake. Bibi alimpa baba yako. Sawa. Baba yako amefariki lini?

— Themanini na nane.

— Basi alichopewa alikuwa nacho mpaka mwisho, hakuna aliyemnyang'anya. Lakini bibi hakukupa wewe. Hakuwapa wauza magari. Na hakutoa ili taifa zima liimbe kwa sauti yake halafu liandike hajulikani. Kiapo kilikuwa cha kumlinda mtu mmoja, na mtu huyo hahitaji tena kulindwa.

— Nikitia sahihi hapo, alisema mzee, nitaingiaje kanisani nikapita chini ya ile picha?

Tavia alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu akae, hakuwa na kidole cha kuhesabia. 

— Sijui, alisema.

Dereva alikuwa amesimama. Lori lake halikuwa tayari na hakuuliza. Upepo wa joto ulipeperusha vikombe vitupu juu ya betri. Mzee Breki alitoa mkono mmoja chini ya paja, akaupapasa ubavu wa benchi mpaka kwenye namba nne, akaufuata mchoro wake kwa kidole gumba. Hapo Tavia akaelewa kwa nini kila asubuhi kwa miaka ishirini na mitatu, katika benchi lote, mzee huyu alikaa ncha moja tu, na akimkuta mtu hapo alingoja amesimama mpaka aondoke.

— Ni hili? aliuliza kwa sauti ndogo. Ulikuwa umekaa hapa?

— Hapahapa. Mama alikuwa hapo ulipo wewe.

Saa nne na dakika arobaini na tisa.

— Iweke tena, alisema mzee. Si wimbo. Swali.

Tavia akaisogeza mpaka mwisho, akaishika simu kati yao. Sauti ya mzungu mpole ikatoka, kijana bado, mpaka leo akingoja: na huyu anayeongoza ni nani?

Mzee Breki hakuvuta mguu. Kikohozi kilipokuja, kikohozi chake mwenyewe cha umri wa miaka kumi na tisa, alizungumza juu yake.

— Anaitwa Arzula Meeks, alisema.

Ko, ikasema sakafu, ikiwa imechelewa.

Simu ikanyamaza. Mzee akautoa mkono wa pili chini ya paja, akaukunjua juu ya goti la Tavia, kiganja juu.

— Nipe kalamu, binti.